Msamaha wa Ushuru Haujazi Hori

Bei ya chakula cha mifugo inapopanda nchini Kenya, dawa inayotajwa ni moja. Wabunge huitaja, viongozi wa vyama vya ushirika huitaja, watengenezaji wa chakula huitaja kwa sauti kuliko wote, na wahariri wa magazeti wameirudia mpaka ikawa jambo lisiloulizwa ushahidi: serikali iondoe ushuru wa malighafi, mahindi ya njano yaingie kutoka nje, bei itashuka. Mfugaji mwenyewe, akiwa mbele ya kaunta ya agroveti na pesa zisizotosha gunia, ameisikia mara nyingi hata naye sasa huidai.

Ninaipinga dawa hiyo, na ninaipinga kwa ajili ya mfugaji huyo. Kila mara anapopewa msamaha wa ushuru kuwa jibu, yale yaliyomkosesha chakula cha ng'ombe na kuku wake huachwa yalivyo, na mengine huzidishwa na mkono uleule uliotia sahihi msamaha.

Wanaoitetea wana hoja, na inafaa ielezwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa. Chakula hubeba kama asilimia 60 hadi 70 ya gharama za kufuga kuku kibiashara, kwa hiyo bei yake ikipanda kidogo tu faida yote huliwa. Kenya haivuni mahindi yanayotosha hata ugali wake. Mahindi meupe yakipelekwa kwenye viwanda vya chakula cha kuku, unga wa binadamu unapanda bei na maskini wa mjini analala njaa. Mahindi kutoka nje ya kanda hutozwa asilimia 50 chini ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ukiondoa ushuru huo, wanasema, shehena za bei nafuu zitaingia Mombasa, viwanda vitashindana, mfugaji atapumua, na mahindi meupe yatabaki kwa watu. Halafu wanaongeza neno ambalo ni gumu kulijibu: kulima soya, kutafiti nyasi na kufundisha wakulima ni kazi ya miaka, ilhali ng'ombe anakula leo. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowashinda wengi.

Kwanza: jaribio limeshafanyika

Tarehe 20 Oktoba 2021, katika sherehe za Mashujaa kule Kirinyaga, Rais Uhuru Kenyatta aliziagiza wizara husika zitafute ndani ya siku 7 njia ya kupunguza bei ya chakula cha mifugo. Njia iliyopatikana ilikuwa ileile. Kabla ya mwaka kwisha, Waziri wa Fedha Ukur Yatani aliondoa ushuru wa malighafi ya chakula cha mifugo kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, kwa muda usiotimia mwaka mmoja, kwa sharti kwamba shehena isiwe ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba (GMO).

Sharti hilo lilitokana na marufuku ambayo serikali iliiweka Novemba 2012. Sina haja hapa ya kuamua nani ana haki katika mjadala wa GMO. Nauliza tu meli zingetoka wapi. Nchi zinazoongoza kwa kuuza mahindi duniani ni Marekani, Brazil, Argentina na Ukraine. Tatu za kwanza hulima karibu mahindi yao yote kwa mbegu za GMO, na hizohizo ndizo zinazoongoza kwa soya. Aliyetaka mahindi mengi yasiyo ya GMO alibaki akiitazama Ukraine, na tarehe 24 Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine na bandari za Bahari Nyeusi zikafungwa. Notisi ya msamaha ilikuwa bado na miezi mingi ya uhai. Mwaka wa 2022 ukapita, bei zikaendelea kupanda, viwanda kadhaa vya chakula cha mifugo vikafunga milango, na wafugaji wengi wa kuku wakauza walichokuwa nacho na kuacha mabanda matupu.

Mtetezi wa msamaha atasema kwamba kosa lilikuwa la sharti, si la msamaha. Lakini tazama sharti lenyewe lilivyosimama. Serikali iliyolidai ndiyo iliyokwisha kuidhinisha kilimo cha pamba ya GMO mwezi Desemba 2019, na mashudu ya mbegu za pamba ni chakula cha ng'ombe. Yaani mashudu ya GMO yaliyotoka shambani Kenya yalikuwa halali, na yaliyotoka melini yalikuwa haramu, kwa ng'ombe yuleyule. Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri la Rais William Ruto likaondoa marufuku. Mwezi uliofuata mahakama ikasimamisha uamuzi huo. Kesi zikaendelea, nyingine zikatupwa, rufaa zikakatwa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ikausimamisha tena. Mfanyabiashara anayekodi meli miezi kadhaa kabla ya shehena kufika hajui kama atakachokileta kitakuwa halali siku ya kushushwa, kwa hiyo hofu hiyo anaipigia hesabu na kuiweka kwenye bei. Anayeilipa ni mwenye kuku.

Baada ya yote hayo, mwanzoni mwa 2025 Waziri wa Kilimo Mutahi Kagwe alitangaza mpango wa kuingiza magunia milioni 5.5 ya mahindi ya njano bila ushuru ili kupunguza bei ya chakula cha mifugo. Mawaziri wamebadilika na chama tawala kimebadilika, lakini dawa ni ileile.

Pili: kinachokosekana si mahindi

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana hapa ndipo maoni ya wengi yanapokosea zaidi.

Mahindi, ya njano au meupe, yana protini ya asilimia 8 au 9 hivi. Kuku wa mayai anataka chakula chenye asilimia 16 hadi 18. Kifaranga wa kuku wa nyama anataka zaidi ya 20. Ng'ombe wa maziwa aliyezaa karibuni anahitaji chakula cha kuongezea chenye asilimia 14 hadi 16, la sivyo maziwa yanashuka na mwili wake unakonda. Rangi ya njano humpa kuku kiini cha yai cha kupendeza na vitamini kidogo, lakini haimpi protini. Pengo lile hujazwa na soya, ambayo mashudu yake yana asilimia 44 na zaidi, pamoja na mashudu ya alizeti, mashudu ya pamba na omena. Muulize yeyote anayechanganya chakula, iwe kiwandani Nakuru au kwenye banda lake Kiambu, ni kiungo gani kinachomtoa jasho. Atakutajia soya kabla ya mahindi. Unaweza kujaza maghala ya Mombasa mahindi ya njano hadi juu, na kuku asiyepata protini bado atapunguza kutaga.

Sasa jiulize mashudu hutoka wapi. Hakuna mtu anayelima mashudu. Hubaki baada ya mbegu kukamuliwa mafuta, kwa hiyo nchi inayokamua mafuta yake ina mashudu, na nchi inayonunua mafuta yaliyokwisha kukamuliwa haina. Kenya huagiza sehemu kubwa mno ya mafuta yake ya kula, hasa mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Mafuta hayo huja kwenye matangi bila punje moja ya mashudu. Ukosefu wa protini kwenye hori la Nyeri umeanzia kwenye kikaango cha Nairobi, na hakuna notisi ya chakula cha mifugo iliyowahi kuligusa jambo hilo.

Serikali ilipoligusa, iligusa upande usiofaa. Mwaka 2023, kupitia Shirika la Kitaifa la Biashara la Kenya (KNTC), iliingiza mafuta ya kula bila ushuru ili kupunguza bei madukani. Sehemu ya mafuta hayo ikazua utata wa ubora, na wachunguzi wa ufisadi wakaingia, lakini madhara ninayoyasemea hayahitaji ufisadi wowote. Katika kipindi hichohicho Wizara ya Kilimo ilikuwa inagawa mbegu za alizeti kwa wakulima wa kaunti mbalimbali, ikiwasihi wapande ili nchi ijitosheleze kwa mafuta. Mkulima aliyepanda alikuwa anaingia sokoni kushindana na mafuta yaliyosamehewa ushuru na serikali iliyompa mbegu. Mkamuaji mdogo aliyenunua mashine alikuwa anashindana na mafuta hayo pia. Mkamuaji akifunga, mashudu yanaisha, na mfugaji wa jirani anaambiwa asubiri msamaha wa malighafi.

Majirani zetu wameyaona haya. Mwaka 2023 wakulima wa alizeti wa Singida, moyo wa kilimo hicho Tanzania, walishuhudia bei ikianguka baada ya mafuta ya nje kuingia kwa ushuru uliopunguzwa. Kenya hutegemea mashudu ya alizeti kutoka Tanzania. Mkulima wa Singida akikata tamaa na kurudi kwenye mtama, pigo hilo linafika Kiambu.

Kuhusu omena, watu husema kama kwamba ziwa halina mwisho. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaliane, na ni sawa ufungwe. Lakini hata nje ya miezi hiyo, omena anayesagwa kwa ajili ya kuku ni omena aliyekosekana kwenye sahani ya mtoto wa Homa Bay au Kibera, maana ndiye samaki wa bei ya chini kuliko wote na ndiye protini ya familia nyingi. Watetezi wa mahindi ya njano husema wanataka kuwaondoa mifugo kwenye chakula cha binadamu. Kwa nini wasiseme lolote juu ya omena? Kwa sababu omena hana ushuru wa kusamehewa, na mazungumzo yote yamefungwa ndani ya ushuru.

Tatu: ushuru ambao hakuna aliyekuwa akiulipa

Asilimia 50 ni nambari ya kutisha, na kila inapotajwa redioni msikilizaji hudhani ndiyo inayokula nusu ya pesa zake. Sivyo. Mahindi ya Uganda na Tanzania huingia Kenya bila ushuru kwa sababu ni ya Jumuiya. Ya Zambia na Malawi huingia kwa utaratibu wa Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika (COMESA). Mahindi yanayosagwa kuwa chakula cha mifugo katika mwaka wa kawaida hutoka hukohuko au hutoka mashamba yetu wenyewe. Ushuru wa asilimia 50 upo ili mahindi ya mbali yasije, na kwa sehemu kubwa hayaji. Ukiondoa ushuru usiolipwa, bei haishuki kwa kiasi cha ushuru huo. Itashuka tu ikiwa mahindi ya mbali, pamoja na nauli ya meli, gharama za bandari na lori la kutoka Mombasa hadi Thika, yatafika kwa bei ya chini kuliko ya Mbale nchini Uganda au Sumbawanga nchini Tanzania. Mara chache yatafika hivyo.

Kama bei ya malighafi ndiyo iliyokuwa inaiumiza serikali, ilikuwa na mlango wa karibu na iliufunga yenyewe. Tarehe 5 Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, ile sumukuvu. Siku chache baadaye, baada ya kelele kutoka Kampala na Dodoma, mahindi yakaruhusiwa kwa masharti ya usajili na vyeti vya kuonyesha kwamba sumu haizidi kiwango cha sehemu 10 kwa bilioni. Miezi saba baadaye Rais alikuwa Kirinyaga akitaka kujua kwa nini chakula cha mifugo ni ghali.

Sipuuzi sumukuvu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mahindi hayo yalikuwa yamevunwa hukohuko, hayakuvuka mpaka wowote. Ndiyo maana marufuku ya mpakani haikuwa jibu la afya. Jibu la afya ni kipimo: maabara Busia na Namanga zenye wataalamu na kemikali za kutosha, lori lipimwe, lipite au lirudi siku hiyohiyo. Cheti kinachosafiri na karatasi zake, ilhali mahindi ya ndani hayaulizwi chochote, hakimlindi mlaji wala ng'ombe.

Mfano wa mayai unaumiza zaidi. Kwa miaka mingi wafugaji wa Kenya wamelalamika kwamba mayai ya Uganda yanawaharibia soko, na kila mara kilio chao ni kwamba yazuiwe. Yai la Uganda ni rahisi kwa sababu chakula cha kuku wa Uganda ni rahisi, na ni rahisi kwa kuwa mahindi na soya viko karibu. Tunataka kuizuia bidhaa iliyokamilika, tunaiwekea vikwazo malighafi yake, kisha tunatuma meli ng'ambo kutafuta malighafi hiyohiyo.

Nne: ng'ombe si kuku

Mjadala mzima wa gunia humsahau ng'ombe alivyo. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 450 hula kama kilo 12 au 13 za malisho kwa siku, ukipima yakiwa makavu. Chakula cha gunia ni nyongeza ya kilo chache juu ya hapo. Wafugaji wadogo, ambao hutoa kama asilimia 80 ya maziwa ya Kenya, hulisha nepia iliyokatwa kwenye kingo za shamba, mabua ya mahindi, majani ya migomba, na nyasi zinazonunuliwa kwa robota jua linapokuwa kali. Nepia ikiwa changa ni maji kwa asilimia 80 hivi; mzigo mzima anaoubeba mama kichwani humpa ng'ombe chakula kidogo kuliko unavyoonekana. Na nepia yenyewe ina magonjwa. Magharibi mwa nchi imedumazwa na ugonjwa unaoifanya kuwa fupi na njano. Katikati mwa nchi kuna ukungu mweusi unaoshika vichwa vyake na kuimaliza. Watafiti wetu walitoa aina zinazostahimili ukungu huo, Kakamega 1 na Kakamega 2, zamani sana. Nenda vijijini uhesabu ni mashamba mangapi yana mbegu hiyo iliyo safi.

Halafu kuna brachiaria. Nyasi hii asili yake ni Afrika, na sehemu yake ni hapahapa Afrika Mashariki. Watafiti wa Colombia na Brazil waliichukua, wakaiboresha, na Brazil ikaipanda kwenye mamilioni ya hekta na kujenga juu yake biashara ya nyama inayoongoza duniani. Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO) na washirika wake walianza kuirudisha kwa wafugaji wa Kenya katika miaka ya 2010, na waliojaribu waliona maziwa yakiongezeka. Ina majani mengi, hustahimili ukame, na ina protini kuliko nepia iliyokomaa. Ikichanganywa na mimea jamii ya kunde kama desmodiamu au kaliandra, mfugaji anapunguza kilo anazonunua dukani, kwa kuwa protini imeota shambani mwake. Lakini mbegu yake iliyothibitishwa ni ghali na ni adimu. Hakuna waziri aliyesimama jukwaani Mashujaa na kuagiza kwamba ndani ya siku 7 bei ya mbegu ya nyasi ishuke.

Najua sababu. Meli ina picha, ina nambari, ina tarehe. Nyasi hazina. Isitoshe, tangu ugatuzi wa 2013 huduma za ugani wa mifugo ziko mikononi mwa kaunti, na serikali kuu ina nafasi ya kusema si kazi yake huku kaunti ikisema haina fedha. Afisa wa mifugo wa wadi, akiwepo, mara nyingi hana pikipiki wala mafuta. Mfugaji anayetaka kujifunza kutengeneza sileji wakati mahindi yamejaa shambani, ili Januari na Februari zisimkute mikono mitupu, hujifunza kwa jirani au kwa video za simu.

Machi 2024 serikali iliamuru kiwanda cha New KCC kimlipe mfugaji angalau shilingi 50 kwa lita. Mfugaji alifurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila hilo nalo ni kushika bei kwa upande mwingine wa ng'ombe. Katikati, pale anapokula, hakuna kilichofanyika.

Tano: kilichomo ndani ya gunia

Wanaopigania bei ya gunia huchukulia kwamba gunia ni kitu kilekile kila mara. Malighafi zikiadimika, wachanganyaji wasio waaminifu huongeza magunzi yaliyosagwa, vumbi la mbao, mchanga kwenye omena, na yurea ya kudanganya kipimo cha protini. Mfugaji hajui mpaka maziwa yashuke. Akishuku, hana pa kupeleka sampuli kwa gharama anayoiweza. Sheria ipo, ile ya Sura ya 345 ya mbolea na vyakula vya wanyama, na ni kongwe kuliko wafugaji wengi wanaoitegemea. Viwango vya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) vipo. Anayepita madukani kuvisimamia ndiye haonekani.

Mahindi yaliyokataliwa kwa binadamu kwa sababu ya sumukuvu huishia wapi? Huishia kwenye chakula cha mifugo, na ng'ombe akiila sumu ile sehemu yake hutokea kwenye maziwa. Watoto ndio wanywaji wakubwa wa maziwa. Gharama hiyo haimo kwenye bei ya gunia, na tani nyingine yoyote ya mahindi inayoingia bila kipimo cha kweli inaiongeza.

Sita: waliosahauliwa kabisa

Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Kaskazini mwa Kenya na Kajiado, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Hawa walikuwa wafugaji waliokabiliwa na uhaba wa chakula cha mifugo kuliko wote nchini, na msamaha wa ushuru haukuwagusa hata kidogo, kwa sababu ng'ombe wa Marsabit hali mahindi ya njano. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021 na ikaanza kununua mifugo dhaifu. Mnyama anaponunuliwa akiwa hawezi kusimama, mwenyewe amekwisha kupoteza thamani yake. Onyo la mapema lilikuwepo. Mamlaka ya kukabiliana na ukame hutoa taarifa zake kila mwezi. Kilichokosekana ni nyasi zilizovunwa na kuhifadhiwa katika miaka ya mvua, na njia ya kuzifikisha kabla mnyama hajakonda.

"Lakini ng'ombe anakula leo"

Ndiyo, anakula leo. Alikuwa anakula leo mwaka 2021 pia, na 2022, na 2025. Tangu agizo la Kirinyaga imepita misimu ya kutosha kupanda alizeti, kuivuna, kuikamua na kuipanda tena mara kadhaa. Soya hukomaa katika miezi minne hivi. Brachiaria hukatwa mara ya kwanza kabla ya nusu mwaka. Neno "leo" limetumika kuahirisha kazi ambayo ingekuwa imekwisha kuzaa matunda.

Na kwa leo yenyewe yapo ya kufanya yasiyohitaji meli. Soya na mashudu ya majirani yapite Busia, Malaba na Namanga kwa kipimo cha saa chache badala ya siku za foleni na karatasi. Mafuta ya kula yasamehewe ushuru tu pale ambapo mbegu za ndani zimekwisha kununuliwa, kwa bei iliyotangazwa kabla ya kupanda. Vyama vya ushirika vipewe mikopo ya kununua malighafi kwa wingi wakati wa mavuno na kujichanganyia chakula, kwa kuwa vile vinavyofanya hivyo tayari huwauzia wanachama gunia wanalolijua. Fedha za dharura za ukame zinunue robota za nyasi Mei, wakati nyasi zipo, badala ya kununua mizoga inayotembea mwezi Oktoba.

Ikiwa serikali bado itashikilia msamaha, basi iufanye wazi. Mwaka 2018 nchi ilisikia jinsi wakulima wa Bonde la Ufa walivyokaa miezi bila malipo ya Halmashauri ya Nafaka na Mazao, huku wafanyabiashara wachache wakidaiwa kulipwa mamilioni kwa mahindi yaliyodhaniwa kutoka nje. Kila msamaha wa ushuru ni pesa za umma zinazotolewa bila kupita bungeni, na anayezipokea kwanza ni mwenye kibali, kabla ya kiwanda, kabla ya agroveti, kabla ya mfugaji. Kwa hiyo notisi ijayo ya kusamehe malighafi ya chakula cha mifugo ichapishwe pamoja na orodha: jina la kila mwagizaji, tani alizoleta, nchi zilikotoka, bei aliyonunulia, na bei aliyoviuzia viwanda. Orodha hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa kila chama cha ushirika cha wafugaji kutoka Githunguri hadi Mosop, mahali ambapo mwenye ng'ombe wawili anaweza kuisoma na kuilinganisha na risiti yake.